Nyumba za Kyela Baada ya Maji

Nyumba nyingi za bonde la Kyela haziangushwi na upepo. Huangushwa na maji, tena maji yanayoanzia kazi yake chini, kwenye msingi. Mazungumzo ya leo, wasikilizaji wapenzi, yanahusu watu wanaojitolea kuwasaidia wenzao kuzisimamisha tena nyumba hizo.   Yatazungumzwa mambo matatu: kwanza maji yanavyoiangusha nyumba, pili nani huja kusaidia, na tatu, ambalo ndilo kubwa, saa ya kazi yenyewe. Ujenzi wa Kyela una kalenda yake, na anayejitolea bila kuijua kalenda hiyo huchosha bure mikono yake na ya wenyeji.

Lakini kuna swali linalotangulia yote hayo, kwa kuwa habari za kujenga upya huhusishwa zaidi na vimbunga. Je, kimbunga hufika Kyela?

Kimbunga ni mtoto wa bahari. Huzaliwa juu ya maji ya moto, hulishwa na maji hayo, na kikipanda nchi kavu hukosa chakula na kulegea. Kutoka pwani ya Lindi hadi Kyela ni zaidi ya kilomita 600, na katikati kuna nyanda za juu na milima ya Livingstone iliyosimama kama ukuta kando ya Ziwa Nyasa. Isitoshe, pwani ya Tanzania yenyewe haipigwi mara nyingi, kwa kuwa iko karibu na ikweta, mahali ambapo vimbunga hushindwa kujizungusha vizuri. Wazee wa Unguja walirithishwa habari za kimbunga cha Aprili 1872 kilicholaza mikarafuu. Wa Lindi wana kimbunga cha Aprili 1952. Na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea hadi karibu na Mafia. Visa ni vichache, vya kuhesabika.

Majirani wa Kyela, hata hivyo, wanakijua kimbunga kwa jina. Kimbunga Freddy kilizaliwa mapema Februari 2023 karibu na Australia, kikaivuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagascar, kisha Msumbiji mara mbili, na mwezi Machi kikaishia kumwaga mvua kusini mwa Malawi. Milima ya Blantyre iliporomoka usiku juu ya nyumba. Waliokufa pamoja na wasioonekana tena walizidi 1,000. Tanzania ilipeleka unga wa mahindi, mablanketi, mahema na helikopta za jeshi. Kwa mtu wa Kasumulu, ambako daraja la mto Songwe ndilo mpaka, Malawi si nchi ya mbali. Ni ng'ambo ya mto, kwa mashemeji na wateja wa sokoni.

Basi kimbunga chenyewe hakifiki Kyela, lakini kazi inayofuata baada ya kimbunga inafahamika huko vizuri sana: kufukua tope, kuokota mbao, kuanza upya.

Sababu ni umbo la nchi. Kyela ni sakafu ya bonde, iko karibu usawa mmoja na Ziwa Nyasa, na juu yake kuna Rungwe na milima inayopokea mvua nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya Tanzania. Maji yote hayo yanateremka kwa mito minne mikubwa: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Huko juu mito hiyo inakwenda kwa kishindo, ikibeba mchanga na mawe. Ikifika bondeni ardhi inakuwa bapa, mwendo unapungua, mchanga unatua, kina kinajaa, na mto unatafuta njia nyingine. Songwe ni maarufu kwa tabia hiyo. Umekuwa ukihama hapa na pale kiasi kwamba Tanzania na Malawi zililazimika kuweka mpango wa pamoja wa kulisimamia bonde lake, maana mto ukiwa mpaka wa nchi, kuhama kwake si suala la samaki peke yake.

Kilele cha hayo yote ni Machi na Aprili. Katika msimu wa mvua wa 2023 hadi 2024, mwaka wa El Niño, serikali ilitangaza mwezi Aprili kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kote kwa mafuriko na maporomoko, na familia zaidi ya 50,000 zimeguswa. Mkoa wa Mbeya, ambao Kyela ni wilaya yake, haukusalimika: katikati ya mwezi huohuo mlima uliporomoka Itezi, jijini Mbeya, na tope likafunika nyumba na shule.

Sasa jambo la kwanza lililoahidiwa. Maji huiangushaje nyumba?

Msikilizaji achukue kipande cha sukari na kukisimamisha kwenye kisosi chenye chai kidogo. Chai haikigongi wala kukisukuma. Hupanda taratibu ndani yake, sehemu ya chini inalainika, na ya juu, ingawa bado kavu, inaketi. Hivyo ndivyo linavyofanya tofali bichi, lile lililofinyangwa kwa udongo na kuanikwa juani bila kuchomwa. Maji ya mafuriko yakisimama kwenye ukuta siku mbili au tatu, safu za chini hugeuka tope. Nyumba hukaa chini kama kipande cha sukari. Mara nyingi haianguki maji yakiwapo. Huanguka yakishapungua, watu wamekwisha kurudi, wamelala. Ndiyo maana wanaokuja kusaidia hawaingii ndani ya nyumba iliyolowa kabla fundi hajazikagua kuta, hata kama mwenye nyumba ana haraka ya kuitoa cherehani yake.

Tofali la kuchoma ni imara zaidi, lakini lina udanganyifu wake. Tofali lenyewe halifi. Kinachokufa ni udongo ulioliunganisha na jirani yake. Ukuta wa matofali mazuri yaliyochomwa, uliojengwa kwa udongo mtupu badala ya saruji, huachana viungo. Hapo kuna hasara, lakini kuna faida pia: matofali yenyewe yanaokotwa, yanapanguswa, yanajengewa tena. Kikundi cha vijana 20 kinaweza kutumia siku nzima kuokota na kupanga matofali tu, na hiyo ikawa siku yenye thamani kuliko lori moja la msaada.

Nyumba ya zamani ya Wanyakyusa, wenyeji wa bonde hili, iliyatendea maji tofauti. Ilisimama kwa mianzi. Wasafiri wa Ulaya waliofika kaskazini mwa ziwa karne ya 19, mmojawapo Joseph Thomson mwaka 1879, walistaajabia usafi na ustadi wa makazi ya watu wa huko, yaliyojificha katika migomba. Kuta zilikuwa za mianzi iliyofungwa na kukandikwa udongo, paa la nyasi nene, na baadhi ya nyumba zilikuwa ndefu kiasi cha kulaza na ng'ombe. Maji yakija, udongo uliondoka, mifupa ya mianzi ikabaki. Yakiondoka, mwenye nyumba alikandika upya. Haikuwa nyumba ya kudumu miaka mia, na wala haikujengwa kwa nia hiyo. Leo watu wanataka bati na tofali, na wana haki kabisa ya kutaka, kwani nyasi huvuja, huchakaa na huwaka moto. Ila bati juu ya tofali bichi ni ndoa yenye matata: kichwa cha kisasa juu ya miguu inayoyeyuka.

Hilo ni la kwanza: maji huanzia chini. La pili ni watu.

Nani huja kusaidia? Wa kwanza siku zote ni jirani. Kabla ya gari lolote kufika, kuna mtu mwenye mtumbwi aliyekwisha kumtoa bibi juu ya kichanja. Wanyakyusa wana historia ya pekee katika jambo hili. Godfrey na Monica Wilson, wanandoa waliochunguza maisha yao miaka ya 1930, walieleza jinsi vijiji vilivyokuwa vikiundwa kwa marika. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi waliondoka kwenye nyumba za baba zao, wakaanza kujenga vibanda vyao pembeni, rika moja mahali pamoja, na kijiji kikakua nao hadi wakawa wazee. Yaani kujenga pamoja hakukuwa msaada wa dharura. Ndivyo kijiji kilivyozaliwa. Neno la Kinyakyusa ukwangala, linalotaja raha ya kukaa pamoja na wenzako, ndilo Monica Wilson aliloliona kuwa kiini cha maisha hayo, na kitabu alichokitoa mwaka 1951 kilizunguka wazo hilo.

Vijiji vya marika havipo tena kwa sura ile. Kazi ya ujima bado ipo. Kwaya ya kanisa, vijana wa msikiti, madereva wa bodaboda wa kijiwe kimoja, kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa: hawa ndio wanaoonekana kwanza wakiwa na majembe na mapanga. Makanisa ya Kilutheri na Moravian, yaliyotia mizizi eneo hili tangu wamisionari wa 1891, yana majengo imara, na majengo hayo pamoja na shule hugeuka malazi ya watu walioacha nyumba zao.

Nyuma yao huja waliofunzwa. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1962, kina watu wa kujitolea mikoani wanaojua huduma ya kwanza, kuorodhesha kaya na kugawa vifaa. Jeshi hutumwa panapohitajika nguvu nyingi kwa haraka. Huko Hanang, baada ya tope kuizika sehemu ya mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023, waliopoteza makazi walijengewa nyumba zaidi ya 100 katika eneo jipya la Waret, na kazi hiyo ilihusisha SUMA JKT, shirika la uzalishaji la Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na Msalaba Mwekundu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji, kwa hiyo kikundi kinachotoka nje kinapaswa kubisha hodi kwa ofisi ya kijiji kwanza. Si urasimu. Kamati ndiyo inayojua kwamba nyumba ile iliyoanguka ilikuwa ya mpangaji, na mwenye kiwanja yuko Mbeya.

Tena kuna wageni wa mbali. Duniani kote, baada ya kimbunga kikubwa, watu hupanda ndege kwenda kujenga. Wengine hufanya kazi njema. Shirika la Habitat for Humanity, lililoanzia Georgia nchini Marekani mwaka 1976 na kuwahi kufanya kazi Tanzania pia, lina kanuni inayofaa kuigwa: mwenye nyumba naye huchangia jasho lake katika ujenzi, ili nyumba isiwe zawadi iliyoshuka kutoka mbinguni. Lakini inafaa kusemwa wazi kwamba mtu asiyewahi kushika mwiko hajengi ukuta kwa sababu tu ana moyo mzuri. Ukuta hausomi moyo. Timazi ndiyo inayousoma, na ukuta ukipinda, fundi hulazimika kuubomoa jioni wageni wakishalala.

Basi anayejitolea afanye nini? Abebe. Achote maji. Apange matofali, achunge mchanga, achimbe msingi, apike. Fundi wa kijiji ajenge, na alipwe. Hili linarudiwa kwa makusudi: fundi alipwe. Mafuriko yamemkuta naye, nyumba yake pengine ndiyo ya jirani iliyoanguka, na hakuna jambo la ajabu kama kumleta kijana kutoka mbali ajenge bure huku fundi wa Kajunjumele, hapo hapo Kyela, akikaa chini ya mwembe bila kazi.

Hapo linaingia jambo la tatu: kalenda.

Mafuriko huja Machi na Aprili. Huruma ya watu huwa kubwa kabisa wiki mbili zinazofuata; michango inakuja, vijana wanajiandikisha, kila mtu anataka kujenga kesho. Lakini kesho ya Aprili na Mei katika bonde la Kyela haijengeki. Ardhi imeshiba maji. Shimo la msingi likichimbwa, linajaa lenyewe kama kisima. Tofali haliwezi kukauka. Kinachowezekana wakati huo ni kibanda cha muda cha mianzi na turubai, choo kilichoinuliwa, maji safi ya kunywa, na kusafisha. Kufukua tope ndani ya nyumba zilizosimama ni kazi isiyopigwa picha, lakini tope likikauka ndani ya nyumba huwa gumu kama sakafu, na kulitoa hapo ni kwa sururu.

Kisha kuna mpunga. Kyela ni jina la wilaya, na kwa watu wa Dar es Salaam ni jina la mchele kabla ya kuwa jina la mahali. Mpunga ulionusurika huvunwa kuanzia Mei hadi Julai hivi, na huo ndio bati, ndio misumari, ndio ada ya fundi. Familia iliyopoteza nyumba na ikabaki na nusu ya shamba iko shambani mwezi Juni, haipo kiwanjani. Je, kikundi cha kujitolea kikimkuta mwenye nyumba ana mundu mkononi, kimwite aje asimamie msingi? Hapana. Kiingie naye shambani. Siku tatu za kuvuna na kupiga mpunga zinaweza kuisimamisha nyumba zaidi kuliko siku tatu za kuchimba. Huu ndio ushauri ambao wageni hawauzoei, maana wamekuja kujenga nyumba na wanapewa mundu. Mwenyeji anauelewa mara moja.

Kuanzia Juni jua linatulia. Huo ndio wakati wa matofali. Udongo unakandwa kwa miguu, unapigwa kwenye fomu, tofali linaanikwa na kugeuzwa, kisha linapangwa kuwa tanuru na kuchomwa. Kuni ni tatizo: kila tanuru hula miti, na miti ikiisha mlimani, maji ya Aprili ijayo yatateremka kwa kasi zaidi. Kwa bahati, nchi ya mpunga ina pumba nyingi, na pumba huchoma matofali vizuri zikilishwa tanuruni kwa subira. Watu wa kujitolea wanaweza kubeba magunia ya pumba kutoka mashine za kukoboa. Ni kazi ya vumbi, lakini inaokoa mlima.

Julai na Agosti ni msingi, na hapo ndipo fedha ya msaada inapaswa kuzikwa. Kuzikwa hasa, chini ya ardhi. Watu hupenda kutoa bati kwa sababu bati linang'aa na linaonekana barabarani. Msingi hauonekani. Nyumba ya bondeni inataka mawe, na mawe hayapatikani bondeni. Huletwa kutoka juu, kwenye mito na miguuni mwa milima. Inataka sakafu iliyoinuliwa juu ya alama ya maji, na alama hiyo haihitaji mtaalamu: imebaki ukutani, mstari wa kahawia ulioachwa na mafuriko, na wazee wanakumbuka mistari ya miaka mingine. Inataka safu za kwanza za tofali la kuchoma zijengwe kwa saruji, hata kama juu utaendelea udongo. Fedha zikiwa chache, safu nne za chini zilizojengwa vizuri ni bora kuliko ukuta mzima wa nusu nusu.

Je, nyumba ijengwe pale pale? Swali hili halikwepeki. Vipo viwanja ambavyo mto umekwisha kuvichukua, na ziwa nalo hupanda na kushuka kwa miaka. Mwaka 2024 maji ya Nyasa yalipanda na kula fukwe. Ni rahisi kwa mtu wa nje kuamuru kijiji kihame. Lakini kiwanja cha Kyela kina migomba, kina kakao iliyochukua miaka kuzaa, kina makaburi ya wazazi. Kuhama kunapobidi, kuamuliwe katika mkutano wa kijiji, na nyumba mpya isiwe mbali na shamba kiasi kwamba mwenye nyumba atajenga kibanda kule kule bondeni msimu wa kilimo, na hapo wote watakuwa wamerudi walikoanzia.

Upande wa mashariki, chini ya milima ya Livingstone, kazi ina sura nyingine. Ikombe, kijiji cha Wakisi ambao wanawake wao wanafinyanga vyungu vinavyouzwa katika soko la Lyulilo, kimezoea kufikiwa kwa njia ya ziwa. Saruji inakwenda kwa mtumbwi kutoka kijiji cha Matema. Mfuko mmoja ukilowa njiani umekuwa jiwe. Huko anayejitolea huanza kwa kuwa baharia na hali ya ziwa ndiyo inayopanga ratiba: kukiwa na mawimbi, hakuna ujenzi. Na vyungu vyenyewe visisahaulike, kwani nyumba iliyoinuliwa bila chungu wala mtungi ndani bado haijawa nyumba.

Septemba na Oktoba ni kupaua na kuezeka. Hapa upepo, ulioachwa kando tangu mwanzo wa mazungumzo haya, unarudi. Mvua za kwanza za mwisho wa mwaka huja na upepo wa ghafla, na upepo huo huezua mapaa. Haulisukumi bati chini. Hulinyanyua kutoka ndani, kupitia mlango ulioachwa wazi na nafasi kati ya ukuta na kenchi. Dawa yake ni ndogo na ya bei nafuu: waya uliozikwa ndani ya ukuta safu kadhaa chini ya paa, ukazungushwa kwenye boriti na kukazwa. Fundi mwenye haraka huuruka. Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde lake, na kingo za paa zipate misumari mingi kuliko katikati. Paa litokeze nje ya ukuta hatua nzuri, ili mvua isilambe tofali. Kazi za namna hii mtu wa kujitolea anaweza kufundishwa asubuhi na kuzifanya mchana.

Novemba mvua inarudi. Nyumba isiyo na paa kufikia hapo itayeyuka kabla haijakaliwa, na bora ukuta ulioishia katikati ufunikwe kwa majani ya migomba na turubai kuliko kuharakishwa. Kikundi kilichojua kazi yake hakiagi siku ya kukabidhi funguo. Hurudi mara moja zaidi, mwezi Januari au Februari, mvua zikiwa zimekolea, kuzunguka nyumba moja baada ya nyingine na kuangalia maji yanasimama wapi: kama mfereji umeziba, kama msingi umeanza kulambwa upande wa mtoni, kama waya wa paa bado umekaza. Anayekwenda huko wakati huo huvua viatu barabarani, hukunja suruali hadi magotini, na kuifuata njia ya tope hadi mlangoni.